Daftari la gesti linanijua mimi kuliko ninavyomjua mbunge wangu

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita nilikwenda Singida msibani. Basi liliharibika njiani, tukaingia mjini saa tano usiku, nikalala kwenye gesti ya kwanza niliyoiona ina taa. Mapokezi nikasogezewa lile daftari kubwa tunalolijua sote: jina kamili, umri, kabila, kazi, utokako, uendako, namba ya simu, namba ya kitambulisho, saini. Nikajaza. Juu ya mstari wangu walikuwapo wageni wengine kumi na wawili wa siku ile, na kwa kuwa daftari liko wazi mezani niliwasoma wote bila kukusudia. Fundi umeme kutoka Nzega. Mama wa biashara ya vitunguu. Mwalimu mmoja aliyeandika, pembeni ya safu ya uendako, "hospitali ya mkoa, na mtoto". Sijawahi kuonana na mwalimu yule, lakini hadi leo najua jina lake, umri wake, kabila lake, simu yake, na kwamba ana mtoto mgonjwa.

Nikiwa kitandani nikajiuliza: mbunge wangu nimempigia kura mara mbili. Ninajua nini juu yake cha namna hiyo?

Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Na. 13 ya mwaka 1995, inamtaka ajaze fomu ya mali na madeni anapoingia madarakani, kisha kila mwaka kabla Desemba haijaisha, kisha tena anapotoka. Anatakiwa aandike na mali za mwenzi wake na za watoto wadogo. Fomu inakwenda Sekretarieti ya Maadili, chombo kilichotajwa na Katiba yenyewe katika Ibara ya 132, na huko inakaa. Haibandikwi ukutani, haichapishwi gazetini. Mimi nimeandika kabila langu ili nipate kitanda cha usiku mmoja. Yeye ameandika viwanja vyake na vimefungiwa kabatini.

Nieleze ninakotokea ili mnielewe. Nilikuwa mweka hazina wa kamati ya maji kijijini kwetu kwa miaka sita. Kila miezi mitatu, kwenye mkutano mkuu wa kijiji, nilisimama chini ya mwembe nikasoma mapato na matumizi: dizeli lita kadhaa, mipira ya pampu, posho ya fundi, koki mbili. Kisha karatasi inabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtendaji. Kikao kimoja bibi mmoja alisimama akauliza kwa nini koki nimeandika shilingi 12,000 wakati duka la pale senta wanauza 8,000. Sikukasirika. Nilimwomba mwenyekiti dakika chache, nikaenda nyumbani kuchukua stakabadhi, nikarudi nikamsomea: koki ilinunuliwa mjini, ni ya shaba, ile ya senta ni ya plastiki. Bibi akaridhika, akaketi.

Katika miaka ile sita waliniuliza mengi, lakini hakuna aliyewahi kusimama akaniuliza kwangu tumekula nini, au mke wangu ana ugonjwa gani, au nani alinipigia simu jana usiku. Watu ambao wengine hawakumaliza darasa la saba walijua mpaka uko wapi. Koki ni yao, wanaiuliza. Sufuria yangu ni yangu.

Hoja yangu, wakuu, ni kwamba tulichokifanya chini ya mwembe kifanyike kuanzia diwani hadi Rais, kwa nguvu ya sheria. Viongozi wa kisiasa wawe chini ya macho yetu muda wote walio madarakani. Fomu zao za mali zichapishwe. Mikutano yao na wafanyabiashara iandikwe: nani alikuja, lini, kuzungumzia nini. Chile wamefanya hivyo kwa sheria ya mwaka 2014, kiongozi anatangaza vikao vyake na wanaokuja kumshawishi, safari zake na zawadi alizopokea, na mtu yeyote anasoma kwenye tovuti. Masurufu ya safari yaonekane na marejesho yake yaonekane. Kura zao bungeni ziandikwe majina. Kwetu Bajeti tu ndiyo tunayoizoea kuona ikipigiwa kura kwa kuita jina moja moja. Miswada mingi inapita kwa sauti, wanaosema ndiyo wanashinda, na mimi sijui wangu alisema ndiyo, alisema siyo, au alikuwa kantini.

Msiseme haya ni ya Wazungu. Azimio la Arusha, Februari 1967, lilisema kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Na waliolitunga walijua ujanja wa binadamu, wakaeleza kwamba wanaposema kiongozi wanamaanisha mtu pamoja na mkewe, au mwanamke pamoja na mumewe. Hapakuwa na mwanya wa kusema "hiyo nyumba ni ya mama watoto". Mwaka 1991 kule Zanzibar miiko ile ikalegezwa. Sidai tuirudishe yote, nyakati zimebadilika na mtu kuwa na nyumba ya kupangisha si dhambi. Lakini kama tumemruhusu awe nayo, basi tuijue.

Angalieni tunavyopata habari za wakubwa wetu. Mwaka 2008 wachunguzi wa Uingereza waliokuwa wakifuatilia ununuzi wa rada walikuta zaidi ya dola milioni moja kwenye akaunti ya Andrew Chenge, waziri wetu na mbunge, kisiwani Jersey. Yeye akaziita vijisenti, neno likabaki kwenye lugha yetu, na Aprili ile akajiuzulu uwaziri. Simhukumu hapa. Kinachoniuma ni kwamba mwananchi wa Bariadi alipata habari za akaunti ya mbunge wake kutoka London.

Sasa upande wa pili. Tangu 2019 tulipanga foleni kusajili laini kwa alama za vidole, na ilipofika Januari 20, 2020, muda uliowekwa ukaisha na laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Nikienda kwa wakala kutoa hela, jina na namba yangu vinaandikwa kwenye daftari la kaunta ambalo yeyote aliyesimama nyuma yangu analipiga picha. Mwaka juzi nilitoa pesa kwa wakala mmoja saa nne asubuhi. Saa sita mchana nikapata ujumbe unaonitaja kwa majina yangu matatu, "ile hela tuma kwenye namba hii". Mama yangu mzazi aliwahi kupoteza pesa ya pembejeo kwa ujumbe wa aina ile ile ya utapeli. Ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tumeipata 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ipo. Mbona daftari la gesti bado lina safu ya kabila?

Naomba michango yenu. Mnaopinga mje pia, ila tujibizane kwa hoja.

#2 – Mdau, Mbeya

Mkuu, naunga mkono hoja, ila umelegea. Wewe unataka karatasi, na karatasi wanazichonga. Mimi nasema wawekewe kamera ofisini, wanaswe simu, gari lifungwe kifaa cha kujua linakokwenda. Ukitaka uongozi, unasaini kwamba faragha yako umeiacha mlangoni mpaka utoke. Asiyeweza abaki na biashara zake. Usalama wapewe kazi hiyo, watakwisha wezi wote ndani ya mwaka.

#3 – Mleta uzi

Mkuu wa Mbeya, hasira yako naielewa, nami nilikuwa nayo. Iliyonigeuza ni habari ya Peru, naomba unisikilize hadi mwisho.

Miaka ya 1990 rais wa Peru alikuwa Alberto Fujimori. Mshauri wake mkuu, aliyekuwa akiendesha idara ya usalama pasipo cheo rasmi cha mkurugenzi, aliitwa Vladimiro Montesinos. Huyu bwana alifanya hasa unachokipendekeza. Aliweka kamera ya siri kwenye ofisi yake Lima, na kila mbunge, jaji, jenerali au mwenye televisheni aliyeingia kupokea pesa alirekodiwa. Kanda zilikuwa nyingi mno. Viongozi wa Peru walikuwa chini ya ufuatiliaji kuliko viongozi wa nchi yoyote ninayoijua.

Je, wezi waliisha? Walizidi. Kanda hazikuenda mahakamani, zilikaa kabatini kwake. Jaji akitaka kuhukumu kwa haki, anakumbuka ile siku. Mbunge akitaka kupinga muswada, anakumbuka. Kumjua kiongozi kwa siri kulimfanya kiongozi awe wa Montesinos, na mwananchi hakupata hata punje.

Tena idara hiyo hiyo haikuishia kwa viongozi. Mwaka 1997 kituo kimoja cha televisheni kilitangaza kwamba simu za waandishi, wapinzani na watu wengine zilikuwa zikinaswa. Mwenye kituo, Baruch Ivcher, akavuliwa uraia wa Peru mwezi huo huo, na kituo kikamtoka mikononi. Ukishanunua mtambo wa kunasa simu ya waziri, mkuu, mtambo hauulizi namba hii ya waziri au ya muuza vitunguu.

Kilichoangusha utawala ule ni kanda moja kutoka kabatini na kufika hadharani. Septemba 14, 2000, Waperu waliona kwenye televisheni Montesinos akimhesabia mbunge aitwaye Alberto Kouri dola 15,000 ili ahamie upande wa Fujimori. Ilipofika Novemba Fujimori yuko Japani, anatuma barua ya kujiuzulu kwa faksi.

Kanda ni zile zile. Zilipokuwa za mtu mmoja zilijenga dhuluma, siku iliyoonekana moja tu kwa wote ikabomoa. Kwa hiyo mimi sitaki mtu wa Usalama anijulie mambo ya mbunge wangu kwa niaba yangu. Nataka nijue mwenyewe, jirani yangu ajue, na mbunge naye ajue kwamba tunajua.

Hata kwetu tumeonja. Mwaka 2019 sauti za mazungumzo ya simu ya wanasiasa wakubwa wa chama tawala zilisambaa mitandaoni, wakimlalamikia Rais. Baadhi yao walimwomba Rais Magufuli msamaha na akawasamehe hadharani. Nchi nzima tulijadili walichosema. Wachache sana waliuliza nani alizinasa simu zile, kwa kibali cha nani. Mtu kumnung'unikia bosi wake kwa rafiki yake si koki ya kijiji. Ile ni sufuria, na ilifunuliwa.

#4 – Mdau, Mombasa

Ndugu mleta uzi, nakusoma kutoka Mombasa, na msidhani sisi tumevuka mto. Katiba yetu ya 2010 ina Sura ya Sita nzima juu ya uongozi na uadilifu. Kifungu cha 76 kinamkataza afisa wa serikali kuwa na akaunti ya benki nje ya nchi ila kwa ruhusa ya sheria. Kifungu cha 31 kinalinda faragha ya raia, cha 35 kinampa haki ya kupata habari. Ukisoma unaona raha. Lakini fomu za mali zilifungwa kwa sheria ya 2003, na aliyezitoa bila idhini ndiye aliyekuwa mkosaji. Habari za kampuni za ng'ambo za familia ya Rais Kenyatta tulizipata Oktoba 2021 kwenye Pandora Papers, nyaraka za siri zilizovuja na kutolewa na waandishi wa habari wa nchi kadhaa. Ni kama nyinyi na Jersey.

Upande wa raia, serikali ilikuja na Huduma Namba, kila mtu aandikishwe na alama za vidole. Watu walikwenda kortini, na kina Wanubi walikuwa mstari wa mbele, maana wao kupata kitambulisho kumekuwa taabu ya vizazi. Januari 2020 Mahakama Kuu ikasema hakuna kuchukua vinasaba wala mahali mtu anapoishi kwa setilaiti. Oktoba 2021 ikasema kadi zile zilitolewa kinyume cha sheria kwa sababu serikali haikutathmini kwanza madhara kwa taarifa za watu, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotaka.

Nakuongezea moja. Usisahau pesa za NG-CDF, zile za maeneo bunge. Hizo ndizo koki zetu. Barazani kwetu hapa wazee wanajua karo ya mtoto wa nani ililipwa na ya nani haikulipwa, maana orodha za basari hubandikwa na majina kamili ya watoto masikini. Kilichobandikwa ni umasikini wa mtoto, na mkandarasi aliyepewa jengo la shule habandikwi. Hapo ndipo mambo yalipopinduka.

#5 – Mdau, Dodoma

Mimi ni mtumishi, nimestaafu. Mleta uzi, ukichapisha safari za viongozi unawapa watu wabaya ramani. Na ukichapisha mali, majambazi watajua nyumba ipi waingie. Watoto wa viongozi wanasoma na watoto wenu. Mmelifikiria hilo? Wakati mwingine siri si ya kuficha wizi, ni ya kulinda roho za watu.

#6 – Mleta uzi

Mzee wangu, shikamoo. Hoja yako nimeikubali nusu, na nusu hiyo naiingiza kwenye pendekezo.

Safari itangazwe baada ya kurudi. Siku thelathini zikipita, hakuna jambazi anayeweza kuvizia msafara uliokwisha pita, lakini mlipa kodi bado anaweza kuuliza kwa nini watu arobaini walikwenda kikao cha siku mbili. Nyumba itajwe kwa mkoa, aina na thamani, namba ya mlango ibaki kwenye Sekretarieti. Shule ya mtoto isiandikwe kamwe.

Ila nusu ya pili sikubali kirahisi, kwa sababu ya yaliyotokea Uingereza 2009. Wabunge wao walikuwa wakirudishiwa gharama za nyumba ya pili, kwa kuwa wanafanya kazi London na majimbo yako mbali. Mwandishi Heather Brooke alidai stakabadhi hizo kwa miaka, akashinda mahakamani 2008, bado Bunge likachelewesha. Gazeti la Daily Telegraph likazipata kwa mlango mwingine na kuzichapisha mfululizo. Mmoja aliomba alipiwe pauni 1,645 za kibanda cha bata bwawani kwake. Spika akaachia ngazi. Ndipo Juni ile Bunge likatoa stakabadhi zake rasmi, zimefutwa kwa wino mweusi, na kilichofutwa kabisa ni anwani, kwa ajili ya usalama kama unavyosema wewe. Lakini wizi mkubwa ulikuwa kwenye anwani! Mbunge alikuwa akisema leo nyumba hii ndiyo ya pili, ikishakarabatiwa kwa kodi za watu anasema sasa ile nyingine ndiyo ya pili. Bila anwani huwezi kuliona hilo.

Kwa hiyo, mzee wangu, anwani isichapishwe, sawa. Lakini awepo mtu asiyeteuliwa na huyo kiongozi ambaye lazima aione na alinganishe, na taarifa yake ije hadharani kama ripoti ya CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inavyokuja bungeni kila Aprili. Escrow ya Tegeta, lile sakata la mabilioni yaliyochotwa kwenye akaunti, tuliielewa 2014 kwa njia hiyo: CAG alikagua, PAC, Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, ikasoma bungeni majina na kiasi, televisheni zikiwa wazi.

#7 – Mdau, Moshi

Kaka mleta uzi, nimekuwa nasoma kimya, ila hapa lazima mwanamke aseme.

Mmewahi kuona nani anafuatiliwa kweli kweli katika siasa zetu? Mwanamke. Diwani wa kike kata ya jirani aliwahi kuhoji bei ya madawati. Ndani ya wiki picha zake za harusi ya kwanza ziko kwenye makundi ya WhatsApp, watu wanajadili kwa nini aliachika. Madawati yakasahauliwa. Hakugombea tena. Aliyesambaza anajulikana, na hakuna aliyemwuliza kitu.

Kwa hiyo msiponiandikia mpaka wenu kwa wino wa kudumu, mimi sitaunga mkono ufuatiliaji wa aina yoyote. Ndoa, talaka, uzazi, ugonjwa, dini, mavazi, nani alilala wapi: hayo yatajwe kwenye sheria kwamba hayaguswi hata kwa kiongozi, na anayeyasambaza aadhibiwe kama anavyoadhibiwa mwizi wa madawati. Jambo moja tu naliruhusu liulizwe: kama amempa zabuni huyo anayelala naye. Hapo tunauliza zabuni.

Na ugonjwa nao mnaupitisha haraka. Diwani akiwa na presha ni shauri lake. Rais akiwa hawezi kufanya kazi ni shauri letu. Tutofautishe.

#8 – Mdau, Göteborg

Wadau, mimi naishi Sweden mwaka wa kumi na nne sasa, natokea Tanga. Niwape ya huku, mazuri na mabaya.

Sheria yao ya kwanza ya kuruhusu raia kusoma nyaraka za serikali ni ya mwaka 1766. Leo naweza kwenda ofisi ya manispaa nikaomba stakabadhi za safari ya meya. Na hapa ndipo pananigusa: karani haruhusiwi kuniuliza mimi ni nani wala nazitaka za nini, labda kama nyaraka ina jambo la siri la kupima kwanza. Kiongozi yuko wazi, mimi niliyemwuliza sina jina. Tena mtumishi akimpa mwandishi habari, serikali imekatazwa kisheria hata kumtafuta nani alitoa. Mwaka 1995 Mona Sahlin, aliyekuwa anatajwa kuwa waziri mkuu ajaye, alikutwa ametumia kadi ya serikali kununua vitu vyake, chokoleti mojawapo. Alirudisha pesa, mwendesha mashtaka hakumshtaki, lakini akajitoa kugombea. Koki hasa.

Mabaya sasa. Uwazi ule haukuishia kwa viongozi. Anwani yangu, umri wangu na nani ninaishi naye vinapatikana kwenye tovuti za biashara, mtu yeyote anavisoma bure. Kuna wanawake waliokimbia waume wapigaji wakaanza maisha ya kujificha kwa kibali maalumu, maana bila kibali hicho unapatikana kwa dakika moja. Majirani zetu Norway orodha za kodi za watu wote zilikuwa wazi mtandaoni. Tangu 2014 anayekutafuta jina lake unaoneshwa, na watafutaji wakapungua sana. Mkitunga yenu, msifungulie bomba moja kwa wote.

#9 – Mdau, Dar

Mdau wa Göteborg amegusa donda. Huku anayeuliza ndiye anayetafutwa. Desemba 2016 Maxence Melo wa JamiiForums, jukwaa la mijadala mtandaoni, alikamatwa, na miongoni mwa aliyoshtakiwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ni kutotoa taarifa za watu walioandika mada za ufisadi. Kesi ikaahirishwa na kuahirishwa, hadi Aprili 2020 akahukumiwa faini ya shilingi milioni tatu au kifungo cha mwaka mmoja. Tuna Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, mwaka ule ule. Mkono mmoja unasema toa taarifa, mwingine unakuuliza unakaa wapi. Mimi ni karani wa stoo mahali fulani, nimeona ankara ambazo hazikupaswa kulipwa, na sijasema kwa sababu nina watoto wadogo watatu.

#10 – Mleta uzi

Ndugu wa stoo, usiandike zaidi ya hapo, tafadhali. Futa hata sentensi ya mwisho ukiweza. Watoto wale wanakutegemea.

Dada wa Moshi, nimeandika upya hoja yangu nikaanzia kwako. Mwanzo nilitaja ya kuchapishwa tu, ya kutoguswa nikayaacha yajulikane kwa busara. Chini ya mwembe busara ilitosha kwa sababu tulikuwa tunajuana. Kwenye simu za watu milioni haitoshi. Orodha yako inaingia yote, pamoja na ruhusa ile ya kuuliza zabuni na tofauti ya diwani na Rais.

Kwa mwananchi nachukua mfano wa Estonia. Wale taarifa zao karibu zote ziko kwenye mifumo ya serikali, lakini raia akiingia kwenye akaunti yake anaona ofisi gani ilizifungua na lini, na ofisi ikichungulia bila sababu ya kazi inawajibishwa. Kwetu nataka hivyo kwa NIDA, mamlaka ya vitambulisho, na kwa laini za simu: askari, afisa wa benki, yeyote aliyelifungua jina langu, nipate ujumbe. Kama simu imenaswa kwa kibali cha mahakama kwa sababu ya kesi, uchunguzi ukiisha niambiwe. Na gesti wapewe fomu ya karatasi moja moja, ya kutumbukizwa kwenye sanduku, isiyo na kabila.

Kuna aliyeniandikia pembeni akiuliza mpaka wa "kiongozi" unaanzia wapi, kwa kuwa mwenyekiti wa mtaa hana hata mshahara. Nimelifikiria siku mbili. Naona tupime kwa saini. Mwenye saini inayotoa pesa ya umma, ardhi, zabuni au kibali, afunguliwe kwa kiasi cha saini hiyo. Mwenyekiti wa mtaa anagonga mihuri ya mauziano ya viwanja, basi daftari lake la mihuri lisomwe. Akaunti yake ya benki iachwe.

Mwisho, nisije nikawa wa maneno tu. Jana nilipeleka barua halmashauri, kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, kuomba mchanganuo wa Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo kwa miaka mitatu: kila mradi, kiasi, na nani alilipwa. Mwenyekiti wa kamati yake ni mbunge mwenyewe, kwa sheria ya 2009. Kijana wa masjala alinipokea vizuri, akagonga muhuri nakala yangu. Kisha akanisogezea daftari: jina, kijiji, namba ya simu, saini. Juu ya mstari wangu kulikuwa na majina ya watu wanne walioleta malalamiko ya ardhi, na malalamiko yenyewe yameandikwa pembeni. Niliomba karatasi tupu, nikafunika nayo mistari ile, nikaandika langu.

Wana siku thelathini za kujibu. Majibu yakija nitayaweka hapa hapa kwenye uzi, yasipokuja nitasema hivyo pia.